Tumbo la Meza

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Leo dunia imeanza kunitambua. Imechelewa, lakini nimeisamehe.

Asubuhi nilikuwa nafagia studio ya Mjomba. Kazi ya muda tu hiyo, ya kufagia. Mimi ni mtaalamu wa picha, ila watu bado hawajaambiwa. Kwenye kompyuta anakaa binti yake Mjomba, binamu yangu, niliyembatiza jina la Miwani. Huyo kasoma mpaka wakaishiwa madarasa ya kumpa. Mimi niliachia njiani, nikaona niwapishe wengine. Kompyuta moja. Kiti kimoja. Makalio ya watu wawili. Ugomvi wetu wote umekaa hapo.

Saa tatu akaingia Mama Randa, fundi seremala wa mtaa wa pili. Ana vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Akasema ametengeneza meza. Alivyolitamka hilo neno, ungedhani anatangaza amejifungua. Kuna maonyesho makubwa ya samani, na kila karakana inapeleka picha moja tu, mwisho Jumamosi saa sita mchana. Wakiipenda, unapewa nafasi. Ameshajaribu mara mbili, na mara zote mbili wamemkataa. Picha ya kwanza ilikuwa na ndoo nyuma ya kiti. Ya pili ilikuwa na kuku. Safari hii anataka meza isimame peke yake juu ya maji matulivu, na ionekane ndani ya maji vilevile ambavyo ingeonekana kweli. Asipopata mwaka huu, kasema, anafunga mlango, anaenda kupiga misumari kwenye kiwanda cha makreti.

Mjomba akaanza kukuna kichwa, sijui kazi ngumu hii, sijui itachukua siku ngapi. Nikamkatiza. Nikamwambia Mama Randa hiyo ni kazi ya nusu saa, na dakika kumi humo ni za chai.

Miwani akaivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena ili anione vizuri.

Mjomba akasema haya, kazi yako. Mama Randa akiikubali picha, kiti cha kompyuta ni changu. Akiikataa, Jumatatu ijayo narudi shule, darasa lilelile nililoliacha. Nimefikiria. Wenzangu wote wameshamaliza. Nitakaa na watoto wanaonifika mkandani. Mimi nina ndevu saba! Mwalimu ataniamkia.

Siogopi. Nusu saa tu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimeenda karakana na kamera ya Mjomba. Meza ilikuwa katikati, imefunikwa shuka. Mama Randa akaifunua polepole, kama anamwamsha mtu asiyependa kuamshwa.

Nakiri. Nzuri. Miguu minne imepinda kidogo, kama ya swala aliyesikia kitu. Juu laini, unaweza kujitazama ukachana nywele. Nikapanda kwenye stuli nikapiga kutokea juu, ili uso wa meza uonekane wote. Nikaweka na patasi juu yake, ya urembo. Mama Randa akawa anataka kuniambia jambo fulani kuhusu upande wa chini. Nikamwambia mama, tulia, mtaalamu yupo kazini.

Kurudi studio, Miwani katoka. Kiti kitupu! Nikakikalia chote.

Nimeikata meza kutoka kwenye picha, ukingo kwa ukingo, ulimi nje. Nikaibandika juu ya ziwa. Ziwa nimelipiga picha kutoka kwenye kalenda ya ukutani, tarehe nimezifuta karibu zote. Kisha siri kubwa ya fani: nakili meza, ipindue miguu juu kichwa chini, ibandike chini ya ile ya kwanza. Basi! Taswira ya majini hiyo!

Nilisimama. Nikarudi hatua mbili. Nikajishika kifua. Nimeona vitu vizuri katika maisha haya, lakini vingi havikuwa vyangu.

Tatizo dogo tu. Miguu ya mbele imekutana na wenzake wa majini, unyayo kwa unyayo, safi kabisa. Ya nyuma haikukutana. Mguu unaishia hapa, mwenzake anaanzia kule, katikati maji matupu ya vidole vitatu. Nikisogeza ya nyuma ikutane, ya mbele inaachana. Nikipatanisha ya mbele, ya nyuma inanuna. Nikaona isiwe taabu. Nikaifuta ya nyuma yote miwili huko majini. Nani anahesabu miguu ndani ya maji?

Seremala anahesabu.

Mama Randa alikuja saa kumi. Akatazama muda mrefu, mpaka nikaanza kujiandaa namna ya kupokea sifa kwa unyenyekevu. Akaniuliza ile miguu mingine miwili imeenda wapi, imeitwa nyumbani? Kisha akaigusa patasi kwenye kioo, ile ya majini, akaniuliza maji yameionaje. Patasi iko juu ya meza. Maji yako chini. Yalipanda saa ngapi?

Nikamwambia ni mtindo mpya.

Akasema, "Mwanangu, maji yanatazama kutokea chini. Hayaoni uso wa meza. Yanaona tumbo. Tumbo la meza yangu umelipeleka wapi?" Akaongeza kwamba kule juu kulimchukua siku tisa, na tumbo siku ishirini na mbili. Kisha akaondoka. Hakukataa, hakukubali. Kasema ana subira mpaka Jumamosi, na baada ya hapo hana.

Miwani hakucheka. Aliinama tu chini ya dawati kutafuta kalamu, akakaa huko dakika nne, mabega yanatikisika.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Usiku nimepata jibu nikiwa nimelala, ndivyo wanavyofanya kazi watu wa kiwango changu. Anataka tumbo? Nitampa tumbo.

Saa mbili nilikuwa karakana, chali chini ya meza, kamera kifuani, kama fundi gari.

Sasa hapa naandika kweli tupu, na daftari hili asilione mtu.

Nilinyamaza. Mimi! Dakika nzima. Huko chini hakuna hata msumari mmoja. Mbao zimeingiana kama vidole vya mtu anayeomba. Kuna mbavu, ndiyo, mbavu, zimetoka kwenye uti wa katikati zikapinda kwenda pembeni, kila moja nyembamba kuliko jirani yake, zote zimebeba ule uso wa juu bila kulalamika. Mistari ya mti imefuatana kutoka ubavu huu mpaka ule, kama ule mti haujui kwamba ulikatwa. Nikanyoosha mkono nikagusa. Laini kuliko juu! Nikamuuliza Mama Randa kwa nini aling'arishe tumbo la meza wakati hakuna mtu atakayeinama kulitazama. Akasema mimi nimeinama.

Nimeandika tarehe hii vizuri kwa sababu hiyo.

Basi nikapiga picha tumbo, mbio studio. Miwani alikuwa anakula, nikamwondoa kitini kwa heshima (nilimwambia kuna nyoka). Nikalibandika tumbo majini, chini ya meza. Lo! Likawa kama mende aliyeanguka chali. Nilikuwa nimelipiga nikiwa chini yake kabisa, limekaa bapa, limetazama kamera, halina habari na meza iliyo juu. Juu meza inaenda kulia, chini tumbo linaenda kwa shangazi yake.

Nikafikiri haraka. Kitu kikikushinda, kitikise. Kuna kitufe cha kuweka mawimbi. Nikaweka kidogo. Bado mende. Nikaongeza. Mende mlevi. Nikasukuma mpaka mwisho, taswira ikawa kama nguo za rangi zote kwenye beseni moja. Sasa hata mama yake mende asingemtambua. Nikamwita Mjomba.

Mjomba akaja. Alivuta pumzi, akaishikilia, akaenda nayo nje.

Miwani, bila kuulizwa, akasema ana maswali mawili. Kwanza, upepo huo mkali umetoka wapi, maana ziwa lenyewe nyuma limelala kama shuka lililopigwa pasi. Pili, kwa nini meza ya majini inang'aa kuliko meza yenyewe, kuna taa huko chini? Nikamwambia swali ni rahisi, jibu ndilo kazi ya wasanii. Akaniambia sawa, msanii, hebu na wewe mwangalie yule nyoka yuko wapi.

Zimebaki siku tatu. Nimejinyoa zile ndevu, kwa tahadhari. Zimebaki mbili zilizokataa.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimegundua Miwani ana mpango wake. Anapiga picha kwa kujificha, uani, kila baada ya chakula. Nikajua tu, anatengeneza taswira yake aniibie ushindi.

Nikasubiri aende dukani kwa ajili ya karatasi. Nikafungua mafaili yake. Nilitegemea kukuta meza, ziwa, siri zote. Nikakuta vijiko. Kijiko kimesimama kwenye sinia la maji. Kijiko kimelala. Kikombe. Kibiriti. Kikombe tena, kimepigwa kutokea juu, katikati, chini kabisa. Picha sitini na kitu! Nikacheka peke yangu mpaka nikakaa. Masomo yote yale, kumbe mtu anaishia kuogesha vijiko.

Nikaenda uani kulitazama hilo sinia lenyewe, nipate la kumtania zaidi. Lilikuwa pale, maji kidogo tu, na kikombe katikati. Kilikuwa kile cha bluu, kikombe changu! Nikainama kukichukua.

Nikabaki nimeinama.

Kwenye maji, nilikiona kitako cha kikombe changu kimeelea mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimekiinua kidogo tu, na chini yake palikuwa na yule mwenzake wa majini, na mwenzake alikuwa ananionyesha mduara wa chini, wenye ile alama ya kiwanda na ufa ambao sikuwahi kujua upo. Miaka mitatu nakunywa kwenye kikombe hiki! Nikasogea kulia, taswira ikajigeuza nayo. Nikapiga magoti, ikajinyoosha. Nikasimama, ikafupika. Nikakaa pale nikiinuka na kuinama, kuinuka na kuinama, mpaka jirani akaniuliza juu ya ukuta kama ni mgongo.

Yaani kwenye maji hakuna picha iliyopinduliwa hata kidogo. Kuna kikombe kingine kabisa, kile kinachoonwa na mtu aliye chini. Na kila nikisogea, yule mtu wa chini naye anasogea.

Nilipata baridi. Jua la saa nane, nami nina baridi.

Miwani alinikuta hapo. Nikategemea matusi. Akachuchumaa upande wa pili wa sinia, akasema ukitaka kuona cha ajabu zaidi, shusha macho mpaka karibu na ukingo. Nikashusha. Maji yakawa kioo kitupu. Hakuna chini ya sinia, hakuna kutu, ni kikombe na mbingu tu. Tukakaa hivyo, mashavu karibu na ardhi, wajinga wawili.

Halafu akaharibu. Akasema siri ni kurudi kuipiga picha meza upya, kwa subira, kutokea chini, huku mtu anapima. Kupima! Wakati huohuo kichwani mwangu taa ilishawaka. Kwa nini nihangaike kudanganya maji, wakati maji yapo? Kwenye shimo la wafyatua matofali, nyuma ya mtaa, yamejaa tele, yametulia, hayana kazi.

Nitaipeleka meza yenyewe majini. Mtu hajawahi kufikiria hivi. Nina hakika.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa kumi na mbili asubuhi Mama Randa hutoka kwenda kuchagua mbao. Msaidizi wake ni jamaa mmoja mkubwa asiyeongea, wanamwita Bubu ingawa anaweza kuongea, hapendi tu. Nikamwambia Mama kasema meza ipelekwe kwenye mwanga mzuri. Huo si uongo wote. Mwanga ulikuwepo. Bubu akatikisa kichwa. Tukaifunga kwa mablanketi kwenye mkokoteni, tukaenda taratibu, kila shimo la barabara linanipiga moyoni.

Tukaishusha majini, mwanzo wa shimo, maji hayafiki hata nusu ya goti la meza. Nikarudi ukingoni. Nikalala kifudifudi, macho karibu na maji, kama kule kwenye sinia. Tukangoja mawimbi yatulie.

Yakatulia.

Sina maneno, lakini karatasi ninayo, basi nijaribu. Meza ilisimama juu ya mbingu. Chini yake, zile mbavu. Zote! Maji yalikuwa yanaziona na kunionyesha mimi niliyelala mbali, bila kuinama, bila kuchungulia. Zilikuwa nyeusi kidogo kuliko meza yenyewe, kama kitu kinachokumbukwa. Karibu na nyayo kila mstari ulikuwa mkali kama kisu, halafu ukashuka ukififia, ukififia, mpaka mwisho wa taswira ukawa pumzi tu. Miguu minne juu, minne chini, na kila mmoja umekutana na wake, hata ile ya nyuma, bila kugombana. Inzi akatua majini. Likatoka duara moja jembamba, likaipita taswira yote, na mbavu zikanyooka kuja kwangu, ndefu, ndefu, kisha zikarudi mahali pake kama hakuna kilichotokea.

Niligeuka nikamwona Bubu. Kafungua mdomo. Akasema, "Ee." Ndilo neno lake la kwanza mwaka huu, nadhani.

Hatukusogea. Sijui muda gani. Nilikuwa natazama mbavu zinavyozidi kukaribiana na mbavu, juu na chini, zinasogeleana taratibu, nikaona jinsi maji yalivyo na maajabu yasiyoisha, mpaka mama mmoja mfyatua matofali akapaza sauti kutoka ng'ambo, "Nyie! Meza yenu inaondoka!"

Wanachimba udongo wa matofali pale. Udongo laini kuliko wote duniani. Meza ilikuwa inazama. Miguu yote minne kwa pamoja, kwa adabu zake, bila hata kuinama upande.

Ndipo nikakumbuka kamera. Nimepiga picha tatu. Katika muda wote ule, tatu! Na kwenye zote meza imeshakuwa fupi shibiri nzima, imekaa kama bata.

Kuivuta haikuvutika. Wafyatua matofali wakaja, wanane, wakachimba kuzunguka miguu kwa mikono. Yule mama akawa anauliza wageni wa chakula watafika saa ngapi, au tayari wako huko chini? Mwingine akataka kujua kama kuna na kabati linakuja. Nilikuwa nalia kidogo, kwa ndani, na nje pia.

Ilipotoka, miguu ilikuwa myekundu mpaka katikati. Nikageuka na Mama Randa kasimama ukingoni.

Bora angepiga kelele. Alipiga magoti topeni, akafuta mguu mmoja kwa upindo wa gauni lake, akaweka kiganja kwenye kila kiungo, kimoja kimoja, kama anapima homa. Akasema viungo vimeshika. Akasema mbao imekunywa maji, lazima ikae kivulini wiki mbili, na doa la udongo hajui kama litatoka. Kwa hiyo hakuna kupiga picha nyingine kabla ya kesho. Kisha akanitazama mara ya kwanza. Akaniuliza nina picha ngapi.

Nikasema tatu. Akauliza nzuri? Nikasema bata.

Alifumba macho. Nilitaka ule udongo unimalizie na mimi.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Saa moja asubuhi. Mjomba alifungua studio, akanionyesha begi la shule. Kalinunua tayari. Lina picha ya sungura.

Miwani alikuwa kwenye kompyuta, bata wangu mbele yake. Nikasubiri kejeli. Akasogea, akapiga piga nusu ya kiti. Nikakaa. Nusu kalio lake, nusu langu. Akaniuliza, "Uliona nini?"

Sijawahi kuulizwa hivyo. Shuleni huwa wanauliza jibu ni ngapi. Nikamweleza yote. Weusi ule wa kukumbukwa. Ukali karibu na nyayo, na kufifia. Inzi. Mbavu zilivyonyooka kuja kwangu. Nilipomaliza alikuwa haandiki chochote, ananitazama tu. Akasema basi picha tunayo, imepungukiwa miguu tu.

Akaikata meza pale inapogusana na maji. Akainua ya juu kwa shibiri moja. Akashusha ya majini kwa shibiri hiyohiyo. Katikati likabaki pengo. Vipande vya miguu vikatoka kwenye picha yangu ya Jumanne, iliyolaaniwa, kila mguu peke yake, na mwenzake wa majini peke yake, unyayo kwa unyayo wake. Mguu wa nyuma ukapata mkutano wake kule nyuma. Nikamwambia ya majini aitie giza. Akatia. Nikasema zaidi, kidogo, hapana umepitiliza, hapo. Hapo! Akafifisha kuelekea mwisho, nami nikawa namwambia pumzi, pumzi, bado ni kelele, sasa ni pumzi.

Kulikuwa na duara dogo pembeni, la inzi mwingine. Miwani akataka kulifuta, kasema linachafua. Nikamshika mkono. Nikamwambia ukilifuta hilo, maji yanakuwa kioo cha kabati. Tukatazamana. Akaliacha.

Saa tano na nusu akaja Mama Randa. Mjomba alisimama karibu na begi.

Akatazama. Akahesabu kwa kidole, bila aibu, mpaka nane. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alikunja magoti, akainamisha kichwa, akachungulia kioo cha kompyuta kutokea chini, kama mtu anayetaka kuona tumbo la meza kwa macho yake. Likawa pale. Ubavu kwa ubavu. Akaweka kidole kwenye maji. Akakiondoa, akakitazama kama kimelowa.

Akasema, "Ipelekeni."

Picha imeondoka saa sita kasoro kumi. Saa tisa wakajibu. Kapata nafasi! Tena nafasi ya mlangoni, ambapo kila mtu atapita. Na wameuliza hilo ziwa zuri liko nchi gani. Mjomba kawajibu kwa ufupi kwamba ni shimo la matofali.

Hukumu. Mjomba kasema yeye ni mtu wa neno lake: picha imekubaliwa, kwa hiyo shule siendi na kiti ni changu. Nikaruka. Akasema nisubiri amalize. Ni changu kila Jumapili. Siku nyingine ni cha Miwani, na mimi asubuhi zote nitakuwa karakana nikipiga msasa miguu minne, mpaka isahau udongo. Mama Randa kasema anakadiria mwezi. Bubu kaniletea msasa mwenyewe. Akasema, "Ee." Maneno mawili kwa mwaka.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Kiti changu! Nimekaa tangu saa mbili. Nimekizungusha mara kumi na nne.

Leo nimetulia nikafikiri juu ya wiki yote, kama watu wazima wanavyofanya, na nimeona wazi kilichotokea. Meza kuipeleka majini, wazo langu. Picha, zangu. Giza, langu. Inzi, wangu. Miwani kasaidia kubonyeza. Ukiangalia vizuri, hata kuzama kulisaidia, maana bila kuzama tusingepata la kuinua. Niliyaona yote hayo mapema. Sikutaka kuwatisha tu.

Mlangoni nimebandika kikaratasi: MTAALAMU WA TASWIRA, MAJI NA VINGINEVYO.

Na saa nne hiihii, mteja! Kinyozi wa kona ya chini. Anataka bango jipya la kibanda chake. Anataka aonekane amekaa mbele ya kioo, sisi tunamwona mgongoni, na ndani ya kioo anaonekana anatabasamu na mkasi wake. Amechoka, kasema, watu wanadhani kibanda kimefungwa. Jina lake litategemea bango hili, sherehe za mwisho wa mwezi zinakuja na kuna kinyozi mpya kafungua mkabala.

Nimemwambia atulie, kaja pahala penyewe. Akauliza kama si bora amsubiri Miwani, kesho. Nikacheka sana. Nikamwambia huyo anaogesha vijiko.

Nikampiga picha moja tu, kutokea nyuma. Kichwa, shingo, mabega, safi. Akauliza mbona sijampiga usoni. Nikamwambia kaka, wewe kanyoe watu. Maji ndiyo yenye mambo mengi, sijui tumbo, sijui giza, sijui inzi. Kioo hakina tumbo. Kioo ni kunakili na kupindua basi.

Nimemaliza sasa hivi, hata chai haijapoa. Kinyozi huyu hapa, amekaa kwa mgongo. Na mbele yake, ndani ya kioo, kisogo chake kilekile, kimepinduliwa vizuri kabisa, kulia kushoto, kushoto kulia.

Nimesimama. Nimerudi hatua mbili. Nimejishika kifua.